Jina Nisiloweza Kuliandika

Mapendo, Goma

Mama yangu mpenzi,

Yambo sana kutoka huku kwenye mawe meusi ya volkano. Goti lako likoje na baridi ya milimani? Na yule ng'ombe, amekwisha kuzaa? Sisi tuko wazima. Jibini uliyotuma ilifika, na tuliimaliza siku ile ile.

Mama, uliniambia wakwe wakinisumbua nirudi Masisi. Sirudi. Soma kwanza.

Unajua nasoma kozi ya ukalimani kwa intaneti. Nyumbani tuna kompyuta mbili: yangu sebuleni, na ya shemeji Dieudonné, mdogo wa mume wangu, chumbani kwake. Intaneti inaingia kwake, halafu kompyuta yake inaigawa kwangu bila waya. Ni ya nyumba nzima, si yake.

Siku moja kabla ya mtihani, yangu ikagoma. Nikaizima, nikaiwasha. Nikapangusa vumbi. Nikaibeba mpaka mlangoni kwa shemeji, nikidhani ukuta wa mbao ndio unaziba. Intaneti yetu naiona pale kwenye kioo, lakini kila nikiandika neno la siri, inanikatalia. Na ukikosa mtihani huo, unafutwa kwenye kozi.

Nikamuuliza shemeji.

"Nilibadilisha neno, majirani walikuwa wanaiba," akasema. "Weka tu jina ya muzee."

Jina la baba mkwe! Mama, wewe ndiye uliyenifunza kwamba mwanamke aliyeolewa halitaji. Tangu niingie nyumba hii halijatoka kinywani mwangu, na shemeji analijua hilo vizuri.

"Shemeji, unajua siwezi."

"Kuandika haiko kusema."

"Kwetu, mukono nao ni kinywa. Njoo basi uandike weye."

"Miye niko na kazi. Mwanamuke wa kuolewa anatafuta mitihani ya nini? Ukishindwa, uache."

Hapo damu ikanichemka. Sikulia, sikubembeleza. Baba mkwe alikuwa nje anaota jua. Nikamwomba aingie aone kwa macho yake. Nikakaa kwenye kiti cha shemeji. Kwenye kompyuta inayogawa intaneti, huhitaji kuandika neno la zamani. Unaweka jipya tu, la zamani linafutika.

"Unagusa masini yangu?" shemeji akafoka.

"Naigusa. Heshima yenye ninamupa muzee, hautaifanya kufuli ya kunifungia inje."

Baba mkwe alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Dieudonné," akasema, "acha mutoto afanye mutihani wake."

Nimeufanya, Mama, na nimefaulu! Nina furaha mpaka naimba nikiosha vyombo. Na neno jipya nililoweka ni jina lako. Shemeji alipotaka intaneti kwenye simu yake, ilimbidi akuandike wewe, herufi kwa herufi, uso ameukunja. Asiyependa na ale ubishi wake.

Nisalimie baba mdogo anayekuchungia ng'ombe, na shangazi wa kwaya. Mwambie bado nasali. Mume wangu anakusalimu sana. Naye kwa desturi hawezi kulitaja wala kuliandika jina la mama mkwe, kwa hiyo ilibidi aniletee simu yake nimwandikie mimi. Nilimwacha aniite mara mbili kabla sijaipokea.

Mwanao asiyerudi,
Espérance