Chumba Namba Saba Si Stoo Tena

Jengo la Nyuma, Ghorofa ya Tatu,
Makazi ya Kujitegemea.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu kwanza, maana mama alitufundisha adabu hata siku ya kugombana. Hujambo? Wifi hajambo? Na wanangu wawili, yule mkubwa bado anakohoa baridi ikizidi? Mwambie shangazi yake anamuulizia. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni utayasoma chini.

Ule ufa wa tangi la maji umezibwa hatimaye. Fundi bomba aliuziba peke yake, na siku ya pili akafungasha virago akahama. Alisema amechoka kupigwa picha akiwa ndani ya tangi.

Ndiyo, kupigwa picha. Unakumbuka tulivyoapa kwamba makazi haya yatajiendesha kwa mikono yetu: mkate wa tanuri letu, mboga za bustani yetu, umeme wa jua, bila mfadhili wala kuombaomba? Sasa tunaendeshwa na wageni wanaolipa kuja kuona jinsi tunavyojiendesha. Wanakaa wiki moja, wanachezea unga, wanamwagilia mchicha. Mchicha unamwagiliwa mara nne kwa siku mpaka umeoza mizizi. Waokaji wetu wamegeuzwa waongoza wageni, kwa hiyo mkate hautoshi. Asubuhi katibu anaagiza mikate ya dukani, anaitoa kwenye mifuko yake, anaipanga kwenye vikapu vyetu. Mgeni mmoja alisema hajawahi kuonja mkate wenye ladha ya jasho la halali kama ule. Nilikwenda nyuma ya tanuri nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na kicheko kilipokwisha machozi hayakukatika.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Wageni hawapendi ngazi. Wanataka vyumba vya chini, vinavyotazama bustani. Mwezi uliopita katibu alileta hoja kwa waasisi: chumba namba saba wapewe wageni, aliyemo ahamie juu. Namba tu, bila jina, kama ulivyoandika wewe mwenyewe kwenye kanuni, ili tusipendeleane wala kuoneana haya.

Kaka, namba saba si stoo ya magunia tena. Ni miaka miwili sasa. Tuliyatoa magunia, tukapaka chokaa, tukamhamishia mama, kwa sababu magoti yake yaligoma kupanda ngazi. Nilikuandikia kurasa mbili juu ya jambo hilo, mpaka rangi ya pazia. Ulijibu, "Vizuri sana."

Siku ya kura nilikuwamo ukumbini. Unajua mimi sina kura. Kila nyumba ina moja, na ya nyumba yetu iko kwa jina lako. Sikumbembeleza mtu. Nilijiambia wengine wapige wanavyotaka, yetu naijua. Hilo ni kosa langu na ninalibeba. Zikawa kumi kwa kumi, ikabaki ya aliye mbali. Katibu akakutumia ujumbe, na kabla hajaketi vizuri ulikuwa umekwisha jibu. Akasoma, "Mwanachama namba tatu: naunga mkono." Ukumbi mzima ukainama kutazama viatu.

Nikasimama. "Katibu, muulize tena. Hajui kwamba ni mama yake."

Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi. "Dada yangu, tukimuuliza tena mmoja, itabidi tuwaulize wote. Na kanuni hizi ni za kaka yako."

Nilikupigia simu mara sita. Jioni ukaandika, "Niko kazini, kuna dharura?" Ningekujibu nini kwa kidole? Nikazima simu.

Mama alihama Jumatatu. Ngazi ni thelathini na moja. Seremala na mwokaji mmoja walimbeba kwenye kiti, naye njia nzima akiwatania, "Taratibu jamani, bibi harusi ana magoti mabovu." Tangu hapo hajashuka. Mwanamke aliyekanda unga wa makazi haya miaka kumi na minne, leo nampandishia bakuli la unga, anakanda mkate mmoja, wetu wawili. Chumbani kwake analala mgeni anayejifunza kujitegemea.

Nina hasira na wewe, sitakuficha. Ungekuwa na roho mbaya ningekusahau nikapumzika. Hasira yangu ni kwamba hukusoma. Unatupenda kwa jumla, makazi mazima, lakini mmoja mmoja hutuoni. Umewahi kuuliza mama analala wapi?

Kanuni zako hizohizo zinasema mwasisi anaweza kufuta kura yake ndani ya siku thelathini, kwa karatasi yenye sahihi, si kwa simu. Zimebaki kumi na mbili. Barua hii anakuletea muuguzi wa jengo la mbele, na baada ya juma moja atarudi huku. Anaweza kurudi na karatasi yako, au mikono mitupu. Sikubembelezi. Nimekwisha kubembeleza vya kutosha maishani, na wewe unajua.

Mama hajui kura iliyomtoa ni ya nani. Majirani wamemficha, na kwa hilo tu ninawashukuru. Kila anayepanda kumjulia hali anaambiwa, "Subirini mwanangu asikie. Huyo hatakubali." Wanaitikia, wanashuka. Nami nageuka nikijifanya naosha vyombo.

Shangazi yetu anakusalimu, jicho lake limepona. Seremala anakusalimu pia, ila hakutaka kuongeza neno. Msalimie wifi na wanangu.

Mama anakusalimu sana kuliko wote. Hajui nimekuandikia nini; anadhani nimekueleza tu kwamba wamemtoa. Ameniagiza nikushukuru mapema kwa kumtetea.

Mungu akulinde, akupe na subira ya kusoma barua mpaka mwisho.

Wako akupendaye, leo kwa kujikaza,
Kitinda mimba wenu