Tumbawe Moja, Maumbo Mawili

Hewa Bora, Lubumbashi
Ijumaa, tarehe 14 Mei 1976

Mpendwa yaya Albertine,

Kwenye bahasha nimeandika Nkandu, kama serikali inavyotaka tuache majina ya Kizungu, lakini humu ndani wewe ni dada yangu mkubwa Albertine yuleyule. Hujambo? Mgongo umepoa? Shemeji Faustin anaendeleaje, na samaki wanapatikana huko Pweto? Sisi wote tu wazima, na mimi nina furaha hata kalamu haitulii mkononi.

Yaya, sikufukuzwa kazi! Nimeshinda!

Najua jambo lenyewe hukulielewa vizuri, ngoja nikueleze tangu mwanzo. Tumbawe ni mnyama mdogo wa baharini anayejijengea jiwe, na jiwe hilo huota matawi. Prof Edouard, yule Mbelgiji wa sayansi hapa shuleni, alileta moja kwa ndege, akalivunja vipande viwili, akaviweka katika matangi mawili ya kioo, kisha akaenda kwao mwaka mzima. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya maji ya chumvi na kuyatunza.

Tangi la kwanza lina taa kali na pampu inayosukuma maji kwa nguvu. Tumbawe la humo likawa fupi, nene, matawi yamebanana. Katika la pili pampu iliharibika, taa ikafifia, na vipuri havikupatikana mji mzima. Humo tumbawe likarefuka, likawa jembamba na kutawanyika kama vidole vya mgonjwa. Prof aliporudi alilitazama mara moja tu. "Chomba, hii haiko yangu. Yangu ilikufwa, wee ukaweka ingine." Mbele ya walimu wote!

Wewe uliniandikia niombe msamaha yaishe. Nilikasirika na barua ile, sikufichi. Ningeomba msamaha kwa kosa gani? Lakini mkurugenzi alikuwa ameshaandika barua ya kunifukuza, na nyumba hii ni ya shule. Agnès na watoto wangelala wapi? Nikamwomba prof avunje ncha ya lile jembamba kwa mkono wake, aifunge yeye mwenyewe juu ya jiwe ndani ya tangi lenye pampu, tungoje miezi minane. Likibaki jembamba, naondoka bila neno. Akakubali, na ufunguo wa chumba akakaa nao yeye.

Fundi Mumba, mtengenezaji wetu wa kila kitu, akakimbia kuleta waya wa shaba. Simlaumu, hapa kwetu nani hafungi vitu kwa shaba? Nikapiga kelele: "Hapana! Cuivre inaua hii nyama!" Prof akanigeukia kwa mshangao, maana ni kweli, shaba kidogo tu majini inamaliza tumbawe lote. Tukatumia uzi wa nyavu, ule uliofungia mzigo wa samaki wakavu ulionitumia.

Leo asubuhi tumelitoa. Chini, matawi ni yaleyale membamba. Juu yameota mengine, mafupi, manene, yamebanana, na uzi wako umemezwa nusu ndani ya jiwe. Mnyama ni yuleyule, yaya! Mwanga na mwendo wa maji ndivyo vilivyompa umbo jingine. Nilitaka kuruka kama mtoto.

Prof alivua miwani. Kisha akawaita walimu. "Musikie bote. Nilisema Chomba iko muntu wa bongo, wa kudanganya. Hapana. Ni miye nilikosa." Mkurugenzi akaichana ile barua palepale, na Mumba akanibeba mabegani mpaka uani.

Msalimie sana shemeji Faustin, mwanetu Antoine, na Mama Ngosa, mwambie dawa yake ya kikohozi nitaituma. Mungu akae nyumbani kwako na kazi ya mikono yako isikauke.

Naachia hapa, kwa kuwa Agnès anaitaka meza apige pasi suti yangu ya abacost. Jumatatu nitawafundisha wanafunzi wa mwaka wa sita habari za tumbawe hili, mimi niliyeacha shule darasa la tano. Prof ameomba nafasi kwenye benchi la mbele, na daftari lake ameshanunua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,
Chomba