Mguu wa Baba Kwenye Runinga ya Jirani

Mwanangu,

Tangu jana nasikia dukani eti baba yako anakatwa mguu. Nilijitia kupuuza, lakini maneno yale hayakunitoka. Leo asubuhi fundi cherehani wa mlango wa pili kanieleza kisa chote, huku anabana kicheko. Juzi walikuwa wanaangalia mpira, mara kidonda cha baba yako kikajaa kioo kizima, na vidole vyote vitano. "Tulidhani ni tangazo la dawa, shemeji."

Kumbe ile picha ya kumtumia muuguzi, uliyoirusha toka simuni kwenda kwenye runinga tuione kubwa, ukasema runinga yetu imegoma, ilitua kwao! Si tunatumia waifai moja nao, na runinga zenyewe zinafanana hata majina kwenye simu.

Baba yako alikuwa dirishani, kasikia yote. Amejifunika shuka gubigubi. Hataki kupigwa picha tena, wala kufunguliwa bandeji. Na muuguzi anasubiri picha ya leo ajue kama dawa inafanya kazi. Kidonda kisipoangaliwa, hayo ya dukani yatakuwa kweli.

Mimi nimewahi zamu. Chai iko kwenye chupa. ~~Ukirudi nenda kamwombe fundi radhi.~~ Fundi atangoja. Anza na baba yako. Mwombe radhi, kisha mpe simu apige picha mwenyewe.

Nakuonya:

Usirushe tena picha yoyote kwenye runinga.
Usimfungue bandeji kwa nguvu.
Usicheke, hata akipiga picha ya dari.
Usimwambie kwamba nilimwona akifuta machozi.

Mama