Jumamosi za Mwokaji Asiyesikia Harufu

Nyumbani, juu ya duka la miwani
Jumapili alasiri, mwanzoni mwa Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti limekubali kukunjika bila kukugombeza kila ukipanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Kaka yako ana nguvu zake zote. Tangu astaafu ufundi umeme hatulii. Kila kifaa cha humu ndani ameshakifungua na kukifunga tena, na vingine havijasema neno tangu hapo. Mama anakusalimu, anasema unaandika kidogo mno, kama mtu anayelipia kila neno.

Nina maswali yangu kwanza. Yule jirani yako mwenye paka, bado mnasemezana kwa ishara, au umeshaijua lugha yake? Watu wa huko siku za mapumziko hutoka, au hujifungia ndani? Na wewe je, umepata mtu wa kutoka naye? Usinijibu kwa mkato, nakujua.

Uliniuliza kama bado nashinda dirishani Jumamosi nikihesabu mashati ya watu wanaopita. Siku hizi natoka. Nikimaliza kusaga vioo vya miwani saa za mchana, navua koti la kazi na kuteremka, na chini pale ananisubiri kinyozi. Huyu ndiye mwenye kile chumba chenye vioo viwili kinachotazamana na duka letu. Ni mtu wa maneno machache, jambo la ajabu kwa kinyozi. Wateja wake wanasema huenda kwake kupumzisha masikio.

Wa tatu wetu ni mwokaji. Yeye humjui, alihamia mtaa wa nyuma baada ya wewe kuondoka. Anaoka mikate na keki katika chumba kimoja kirefu, peke yake, na ana kicheko kinachotangulia kufika kabla yake. Tulianza kwa kukutana kwenye benchi la bustani, kila mtu na chake cha kutafuna, mwisho tukawa hatuwezi kukaa Jumamosi bila kuonana. Tunatembea, tunaangalia watoto wakigombania bembea, mara moja moja tunaingia sinema, na kila matembezi yanaishia kwa muuza aiskrimu wa langoni.

Kwa mwokaji, shangazi, pua ilikuwa kila kitu. Alikuwa akipita mbele ya mlango wa mtu anasema, "Humu wametia mdalasini, na wameuzidisha." Aiskrimu alikula ya vanila tu. Ile ya nazi, ambayo ndiyo yangu, hakutaka hata iwekwe karibu naye. Alisema ni kama kulamba mafuta ya nywele.

Basi Jumamosi moja, muda si mrefu baada ya yeye kutoka kwenye mafua makali, mimi ndiye niliyebeba vikombe kutoka langoni. Vyote vyeupe, nikavichanganya bila kujua. Nilipotia kijiko mdomoni nikakuta vanila. Nikamgeukia nimwombe radhi, nikaona ameshafika katikati ya ile ya nazi, anakula taratibu, anatazama bembea.

"Vanila ya leo imekaa vizuri," alisema.

Kinyozi alinitazama. Nami wewe unanijua: swali likishaniingia kichwani halilali.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Alisema unga umemchelewea. Ikafuata kichwa kinamuuma, kisha kuna mgeni wa familia. Visingizio vikawa vinafanana kama mikate ya trei moja. Nikaona niende mwenyewe.

Nilipofungua mlango wa chumba chake, harufu ya gesi ilinipiga usoni. Yeye alikuwa amesimama mbele ya oveni, amenipa mgongo, kiberiti mkono mmoja na njiti mkono wa pili.

"Usiwashe," nilisema.

Sijui kwa nini sikupiga kelele. Nilimfuata, nikamshika ule mkono wenye njiti na kuubana kwa nguvu mpaka akaniangalia kama ninayetaka kumwibia.

"Una nini wewe?"

"Gesi imejaa humu."

"Gesi gani? Iko wapi?"

Shangazi, macho yalikuwa yananiwasha kwa harufu, naye ananiuliza iko wapi. Nilifunga mtungi, nikasukuma madirisha yote, nikamvuta nje. Mpira wa mtungi ulikuwa umelegea pale unapoingia, haijulikani tangu lini. Tulikaa kwenye ngazi za mlangoni. Yeye alikuwa ametulia kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Alikuwa bado hajaamini.

Baadaye ndipo aliposema, "Sisikii."

"Husikii nini?"

"Harufu. Tangu yale mafua. Sisikii mkate, sisikii sabuni, sisikii moshi. Nikila ni kama natafuna karatasi. Daktari anasema huenda itarudi, huenda isirudi, yeye mwenyewe hajui." Akajipangusa unga mikononi, mikono ambayo haikuwa na unga. "Nani atakula keki ya mwokaji asiye na pua? Nikikwambia wewe, mtaa mzima utajua."

Nilimwambia sitasema, isipokuwa kwa watu wawili. Wa kwanza ni baba. Alikwenda jioni ileile na mkoba wake wa vifaa, akabadilisha ule mpira na kufunga king'ora kinacholia gesi ikivuja. Alikijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na alirudi nyumbani anapiga mluzi. Hicho kinafanya kazi, usiwe na wasiwasi.

Wa pili ni kinyozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kukunja taulo zake, halafu badala ya kusema pole akauliza, "Pilipili je, anaisikia?"

Swali hilo ndilo lililotutoa nje tena. Tulimpelekea mwokaji, naye akakunja uso, akasema hajajaribu. Jumamosi ile tukamnunulia nanasi lililonyunyiziwa pilipili na chumvi. Alipotafuna, machozi yakamtoka, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Inauma," alisema. "Inauma vizuri." Ikawa tunajua kwamba ulimi wake uko hai, uchachu upo, utamu upo, chumvi ipo. Kilichopotea ni kile kinacholifanya nanasi kuwa nanasi.

Hapo nami nikaingiwa na hamu ya kujua. Jaribu hili, shangazi, ukiwa peke yako watu wasikushangae. Chukua pipi za matunda za rangi mbalimbali, fumba macho, bana pua, tia moja mdomoni. Utasikia sukari tu. Huwezi kujua kama ni ndizi au stroberi hata ukiapa. Sasa achia pua. Ndizi inaingia kama mtu aliyekuwa amesimama nje ya mlango. Nilirudia hivyo dukani mpaka mteja aliyekuja kuchukua miwani yake akaniuliza kama ninapumua vizuri.

Tukawa na kazi kila Jumamosi. Bisi zenye chumvi: alisema hazina ladha lakini zina kelele nzuri. Soda: inachoma ulimi, anaipenda. Pipi ya mnanaa: haina harufu ila ina ubaridi, kama mtu amefungua dirisha mdomoni. Chokoleti: alitema. Alisema ni kama udongo wenye sukari, na njia nzima ya kurudi alitembea mbele yetu. Sisi tuliendelea tu, maana kila jibu lilizaa swali jingine.

Mpaka siku ya sokoni. Kinyozi alikuwa amekuja na kile kitambaa anachowafunga wateja shingoni, tukamfunga mwokaji macho, mimi nikawa namlisha vipande vya matunda kimoja kimoja aseme ni nini. Watu wakaanza kusimama. Mwanamke mmoja mwenye kikapu akacheka aliposikia embe likiitwa papai. Mwokaji akakivua kitambaa.

"Inatosha," alisema. "Mmenigeuza maonyesho."

"Tunataka kukusaidia," nikamwambia.

"Mnataka kujua. Kusaidia na kujua si kitu kimoja." Akamrudishia kinyozi kitambaa, kimekunjwa vizuri. "Tangu niugue mnanipeleka kwenye chakula tu. Kwani sisi tulikuwa marafiki wa chakula?"

Akaondoka. Sikumfuata. Kinyozi naye alikula vipande vilivyobaki vyote, kisha akasema tu, "Ana haki."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Niliharibu kioo cha miwani ya mtu, kitu ambacho hakinitokei. Kila nikitaka kwenda kwake naona aibu, kila nikikaa naona nitampoteza. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu ulimi wake, lakini sikumbuki kama niliwahi kumuuliza analalaje, au anaogopa nini akiamka.

Ijumaa jioni akatuletea ujumbe sisi wote wawili: kesho tukutane bustanini, tuvae viatu vya kufunga kamba. Basi.

Tulimkuta ameshakodi baiskeli tatu. Kinyozi alipanda yake kama mtu anayekaa kwenye kiti. Mimi, kama unavyojua, sijawahi kupanda kitu chenye magurudumu mawili maisha yangu yote. Mwokaji alishika tandiko kwa nyuma, akanisukuma, akawa anakimbia nyuma yangu na kuniambia nitazame mbele, nisitazame gurudumu. Nilianguka kwenye majani, nikaanguka tena kwenye kitalu cha maua, na mlinzi wa bustani akaja kutuuliza kama tuna akili timamu. Mwokaji alikuwa ameketi chini kwa kucheka. Kile kicheko chake kilikuwa kimerudi, chote. Mara ya mwisho nilikwenda mwenyewe kutoka kwenye bembea hadi langoni, shangazi, na nilipogeuka nikamwona kumbe aliniachia zamani, yuko mbali kule anapunga mkono.

Tulipokaa kupumzika nilimuuliza analalaje. Akanitazama kidogo, kisha akasema halali vizuri. Anaogopa moto. Anaogopa pia kwamba yeye mwenyewe ananuka jasho na hakuna atakayemwambia. Kinyozi akasema, "Nitakwambia mimi. Kuwaambia watu hivyo ni nusu ya kazi yangu." Tukacheka, lakini naona lilimwingia, kwani alikubali pale pale. Nami nikaahidi kupita kwake kila asubuhi kabla ya kufungua duka, ninuse chumba kizima, king'ora kiwepo kisiwepo.

Halafu akafungua mfuko wake. Alikuwa ameoka biskuti. Nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, zimekauka hasa, zinavunjika kwa mlio unaosikika benchi la pili. Ametia tangawizi nyingi, chembe za chumvi juu, na pilipili kwa mbali. Alisema amechoka kuoka kwa kukumbuka. Hizi ameoka kwa ulimi alionao sasa. Sijui nikuelezeje. Si keki zake za zamani, ni kitu kingine kabisa, na nilikula mpaka nikaona haya. Siku hizi watu wanazifuata hadi mlangoni kwake, na hajamficha yeyote hali yake. Mtaa umejua, na bado wanakuja.

Harufu haijarudi. Nakwambia hivyo ili usisome ukingoja. Kila mwezi anakwenda kwa daktari, na kila mwezi jibu ni lile lile.

Lakini kuna mchezo mpya, na huu ameuanzisha mwenyewe. Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa imetoka kunyesha, tumekaa kwenye benchi bado bichi, tumetandika koti la kinyozi. Akasema, "Niambieni kunanukiaje." Kinyozi akafikiri sana, akasema, "Kunanukia mvua." Mwokaji akamwambia arudi shule. Ikawa zamu yangu. Nikafumba macho nikavuta pumzi, nikagundua kwamba miaka yote hii nimekuwa na pua bila kuitumia. Nikamwambia ni kama chungu cha udongo kilichokaa bila kazi, ukakimiminia maji ya kwanza. Na nyuma yake kuna majani yaliyovunjwa, na mbali kidogo kuna baiskeli, ule mpira wa magurudumu ukipata maji. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa maneno. Macho yake yalikuwa yamefumbwa pia.

"Chungu nimekiona," alisema. "Endelea kesho."

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo lililonikalisha kuandika leo. Yeye anataka za mbali pia. Ukiamka asubuhi huko uliko, kabla hujawasha jiko, fungua dirisha usimame kidogo. Niandikie kunanukiaje. Usiniandikie kwamba ni baridi, hiyo naijua. Niambie yote, hata yule paka wa jirani. Nitamsomea kwenye benchi, polepole, yeye afumbe macho.

Msalimie jirani yako kwa ishara yoyote atakayoielewa. Baba anasema goti lisipopona umpelekee alifungue. Mama anakuombea, na mdogo wangu aliyejifungua anasema mtoto ana paji la uso lako, pole yake. Kinyozi na mwokaji, huyo ambaye hujawahi kumwona, wamenituma nikwambie wanakusubiri. Mungu akulinde ukitoka na ukirudi, akupe usingizi mzuri na watu wa kucheka nao.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na asiyechoka kukuuliza,

Kiguu na Njia