Deni la Nne

Jumapili, 8 Januari

Kikao cha familia leo, sebuleni. Familia yenyewe ni watu watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Humu daftarini namwita Mheshimiwa. Kasimama, kakohoa, kasoma madeni kama anayesoma matokeo ya mpira.

Benki, milioni nne — na hati ya nyumba aliyotuachia marehemu baba wameishika wao. Chama cha kuweka na kukopa, milioni moja na nusu. Kidevu, yule mkopeshaji wa sokoni, laki saba, na riba yake inaota kama kucha. Yote hayo kwa biashara ya kukodisha mahema na viti! Mahema yamechanika, viti vimeibwa kimoja kimoja. Kilichobaki ni gari, nalo analiendesha kwenda kunyolewa ndevu.

Nikasubiri asome la nne. Akakunja karatasi.

Nikauliza: na langu je? Milioni tatu na laki moja. Akiba ya miaka tisa, ya kununua mashine yangu mwenyewe ya kusagia lenzi, niache kusaga miwani za watu kwenye karakana ya mtu. Akaunti niliifungua na Mama, mmoja wetu akitia sahihi inatosha. Eti kwa usalama. Mama akatia sahihi, Mheshimiwa akabeba.

Mama kasema hilo si deni, ni mambo ya ndani ya nyumba. Kisha sauti ikawa asali. Kuanzia leo pesa zote za humu ushike wewe, mwanangu. Una mkono mgumu. Tena hujazaa, huna mambo mengi.

Hujazaa, huna mambo mengi!

Nikasema sawa, Mama, nitashika. Akanipa na barua ya kuniruhusu kushughulikia kila kitu benki. Kaisaini bila kuisoma, kama kawaida yake.

Watanitambua.

Jumatatu, 9 Januari

Nimebandika karatasi kwenye mlango wa jikoni, kalamu nyekundu. Sukari kijiko kimoja kwa kikombe. Maziwa hakuna. Nyama Jumapili tu, na si kila Jumapili. Mkate ununuliwe wa jana, nusu bei. Pasi mara moja kwa wiki — hapo nilikuwa namlenga mtu mmoja. Mimi kazini navaa koti, Mama hajali mikunjo. Anayebadilisha mashati mawili kwa siku anajijua.

Kila kitu nilikipima kama ninavyopima lenzi, mpaka kikae pale pale panapouma.

Asubuhi kaonja chai, kanitazama. Dada, sukari imeisha? Nikamwambia haijaisha, soma mlangoni. Kasoma kasimama na kikombe mkononi, midomo inacheza. Roho yangu kwatu!

Jumamosi, 21 Januari

Gari limeuzwa. Milioni mbili na laki sita, mnunuzi kazihesabia juu ya boneti. Kidevu kalipwa chote. Chama kimelipwa chote. Laki nne zilizobaki zimekwenda benki. Madeni mawili chali kwa siku moja!

Mheshimiwa alisimama getini akilitazama likikata kona. Mkono bado mfukoni, unatafuta funguo.

Mama kalia. Kwa ajili ya gari! Siku niliyokuta akaunti yangu haina hata nauli ya kurudia nyumbani, aliniambia nishushe sauti, majirani watasikia.

Jioni mchumba wa Mheshimiwa kapiga simu. Dakika mbili, kwisha. Nadhani hatapiga tena. Hilo sikuliandika mlangoni, lakini nimelipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 12 Februari

Fainali leo. King'amuzi nilikiacha kikatike juzi, makusudi. Kwenda kwa jirani kaona haya — huko anadaiwa viti alivyoazima vikaibwa. Kakaa karibu na ukuta anasikiliza kelele za upande wa pili, anakisia nani kafunga.

Mimi namenya vitunguu, taratibu, kimoja kimoja. Sikutoa hata chozi.

Jumatano, 15 Machi

Habari ya mwaka! Mheshimiwa kapata kazi. Ghala la saruji, kupakia mifuko kwenye malori. Mtu aliyekuwa na kadi za biashara zenye jina la rangi ya dhahabu!

Kaomba nauli. Ni saa nzima na nusu kwa miguu. Nikamwambia miguu haina riba.

Alinitazama, nikangoja anijibu ovyo. Nilikuwa tayari, maneno nimeshayanoa. Kasema tu, haya dada. Kainama kufunga kamba za viatu.

Kanikosesha raha.

Ijumaa, 5 Mei

Kila Ijumaa analeta bahasha ya mshahara haijafunguliwa. Anaiweka mezani mbele yangu, anakwenda kuoga. Mwezi wake wa kwanza kazini nilihesabu mara tatu nikitafuta pungufu. Hakuna.

Leo kavua shati uani. Mabega yamechubuka, saruji imeganda kwenye kidonda. Mama alikuwa anamwosha kwa maji ya vuguvugu, anamwita baba, baba yangu, pole baba yangu. Mimi dirishani. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Nilifurahi. Naandika ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nilifurahi — lakini furaha yenyewe ilikuwa ndogo kuliko niliyoitarajia. Hilo likaniudhi zaidi.

Jumanne, 11 Julai

Mama kaomba miwani mpya. Ya zamani haimfai tena. Uzi hauoni, maandishi hayaoni, jana kaweka chumvi kwenye chai.

Karakana kwetu kuna boksi zima la lenzi zilizokataliwa, mkwaruzo kidogo tu pembeni. Bosi anatuachia tuchukue. Fremu ya bei rahisi ingetosha. Kazi ya nusu saa, mchana, wakati wa mapumziko.

Nikamwambia bajeti, Mama.

Hakubisha. Kasema kweli, tulipe kwanza deni. Akaenda chumbani akipapasa ukuta.

Wakati anasaini kule benki, mbona macho yalikuwa yanaona? Naandika hivyo halafu nasoma nilichoandika. Basi.

Jumatatu, 14 Agosti

IMEKWISHA. Benki imekwisha!

Wiki iliyopita karani wa dirisha la tatu alininong'oneza: mkimaliza ndani ya mwezi huu, adhabu zote za kuchelewa tunafuta. Dada mpole, miwani yake nilimsagia mimi. Nikaomba kazi za ziada, nikasaga lenzi mpaka vidole vikafa ganzi. Leo nimelipa la mwisho. Kaniwekea muhuri, kanipa barua kwamba hatudaiwi. Kisha katoa bahasha kubwa ya kaki. Hati ya nyumba. Jina la baba kwa taipu ya zamani, herufi moja imeruka juu ya mstari.

Nimetembea mpaka nyumbani nimeibana kifuani. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyoingia. Nitaibwaga mezani, puu! Nitamwambia Mama, haya, aliyekuwa hana mambo mengi ndiye huyu.

Nimefika. Mama yupo mlangoni, kaona bahasha. Ni nini hiyo? Nikamkabidhi. Kaigeuza, kaisogeza mbali, kaisogeza karibu. Karatasi za kazini? kauliza.

Nikasema ndiyo, za kazini.

Ilitoka yenyewe.

Jumanne, 15 Agosti

Sijasema.

Mheshimiwa kauliza limebaki kiasi gani benki. Nikasema milioni mbili na laki sita. Kapiga mluzi, kaenda kulala.

Ijumaa, 29 Septemba

Nimekaa na jambo hili wiki sita, limeshakuwa na umbo. Madeni yalikuwa manne. Matatu yameisha. La nne linalipwa sasa — kwa mkate wa jana, kwa chai chungu, kwa mabega yake. Tofauti ni kwamba mlipaji hajui analipa nini. Na mimi nilipoibiwa, nilijua?

Nimefungua akaunti mpya. Sahihi moja tu, yangu. Kila mwezi ile laki nne na nusu iliyokuwa inakwenda benki naiweka humo. Nimekwenda kuulizia mashine. Muuzaji kaniwashia, kaniachia nisage kipande. Haina kelele kabisa. Nimesimama hapo mpaka kaniuliza kama najisikia vizuri.

Kuna wakati nasema: nikifika nusu nitawaambia. Kisha Mama anamsogezea mwanawe kipande cha nyama kutoka sahani yake — hajui kama namwona — nami nasema hapana. Mpaka senti ya mwisho.

Bahasha ya kaki ipo chini ya godoro langu. Naisikia nikijigeuza.

Jumapili, 5 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mheshimiwa leo kanyoa, kapiga pasi shati — siku yake ya pasi ilikuwa jana, sikusema kitu. Tumekaa mezani mchana. Kaweka bahasha nene mbele yangu.

"Hesabu, dada. Milioni moja na laki saba. Si ndilo ulilosema limebaki?"

Nikauliza umezitoa wapi. Nilidhani Kidevu. Heri angekuwa Kidevu!

Mwenye ghala la saruji ana machimbo ya mawe, huko mbali, siku nzima kwa lori. Watu hawataki kwenda, kwa hiyo anatoa malipo ya mbele. Mkataba wa miaka miwili. Mheshimiwa kasaini Ijumaa. Lori linaondoka kesho, saa kumi alasiri.

Yule fundi wa nyumba ya kona, mtaani kwetu, aliwahi kufanya kazi huko. Karudi bila vidole viwili. Mama anajua, mimi najua, Mheshimiwa anajua kuliko sote, maana yeye ndiye aliyemsaidia kubeba mizigo siku aliyorudi.

"Kesho asubuhi twende wote benki," kasema. "Nataka Mama aishike hati kwa mkono wake kabla sijaondoka."

Mama alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja.

Kisha Mheshimiwa kanigeukia. Hakunitazama usoni, alitazama chumvi.

"Nikirudi naanza lako. Milioni tatu na laki moja. Siku ile sikulisoma... nilikuwa nimeliandika, dada. Lilikuwa la kwanza kwenye karatasi. Nikaona nikilisoma nitalia mbele yenu, nikaliruka."

Mama kasema kuleni, chakula kinapoa.

Miezi kumi nasubiri maneno hayo! Nilikuwa nimeyaandalia jibu, nimelipiga msasa, la kumkata vipande viwili.

Nikauliza tu, na ukibadili mawazo? Kasema akirudisha hela kabla lori halijaondoka, mkataba unachanwa. "Lakini nibadili mawazo ili iweje?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Pale pale, kijiko mkononi. Nikainuka nikaosha vyombo. Nikaosha na vile ambavyo havikutumika.

Upande mmoja wa moyo unasema mwache aende. Yeye miaka miwili, mimi yangu ilikuwa tisa. Bado huo upande upo, sijidanganyi. Ndio uliokuwa unasugua sufuria.

Lakini aliliandika. Lilikuwa la kwanza.

Jumatatu, 6 Novemba

Benki. Saa tatu na nusu. Naandika kwenye benchi, daftari juu ya goti. Nimewaambia ni hesabu za kazini. Uongo sasa unakuja bila kuitwa.

Tumekaa watatu. Mama katikati, kavaa gauni la kutokea. Mheshimiwa na begi lake kabisa, akitoka hapa anakwenda ghalani. Mkono wake uko juu ya mfuko wa shati, juu ya bahasha.

Hati iko kwenye mkoba wangu. Niliitoa chini ya godoro alfajiri. Sijui kwa nini niliibeba. Najua.

Namba yetu ni arobaini na saba. Wanaitwa arobaini na tatu.

Dirisha la tatu ni yule yule karani. Kaniona. Kapunga mkono, kacheka, kamwambia mwenzake jambo. Kwake mimi ni yule dada aliyemaliza mapema. Tukifika pale atasema tu, kwa furaha zake: mmerudi? Si mlimaliza Agosti?

Naweza kuacha aseme yeye. Sitafungua mdomo hata kidogo. Nitatazama uso wa Mheshimiwa ukielewa pole pole. Nitatazama na wa Mama. Nimeuota uso huo tangu Januari.

Arobaini na nne.

Au namba ikipita, tukaambiwa mtandao umekatika, lori likaondoka... Mungu anisamehe, nimelifikiria na hilo.

Mama kaniuliza, mbona umejikunyata, hujala? Nikasema baridi. Kauchukua mkono wangu mmoja, kauweka ndani ya mikono yake. Naandika kwa mkono mmoja, mistari inapanda.

Arobaini na tano. Mzee mmoja na fimbo, anatembea taratibu. Afadhali. Atembee taratibu zaidi.

Laki tisa ziko kwenye akaunti yangu. Zake hizo, nyingi. Na nyingine za meno ya Mama yaliyotafuna mkate mkavu. Nimezihesabu upya hapa. Hazifiki hata theluthi ya langu. Bado ananidai mimi au bado namdai yeye — sijui tena hesabu hii inafanywaje.

Arobaini na sita.

Mheshimiwa kasimama. Anachomekea shati vizuri, ananyoosha kola. Katoa bahasha, kaishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nimemwambia kaa.

Kasema, dada, tunafuata sisi.

Nimesema kaa kwanza, mdogo wangu. Kakaa. Mama naye kageuka. Wananitazama wote wawili, wanangoja niache kuandi—