Kadi Niliyoifunga Hospitalini Moshi

Shikamoo dada Neema,

Huku Moshi mvua haikatiki, mlima wenyewe sijauona.

Leo nimefunga ile kadi ya kompyuta niliyotoka nayo Dar. Kompyuta kuu ya hospitali ndiyo inayotunza picha zote za eksirei na kuzipeleka wodini kwa mtandao. Kazi ya kuzibana picha hizo na kuzifungua tena ilikuwa inaimaliza nguvu prosesa, ubongo wa kompyuta, na madaktari walikuwa wanasubiri picha moja mpaka wanakata tamaa. Kadi hii inaibeba kazi hiyo yenyewe.

Ila ilibidi nizime kompyuta hiyo kwanza ndipo niifunge. Nilipoiwasha, skrini ikabaki nyeusi. Sista msimamizi akaja mlangoni. "Mwanangu, kuna bibi ameletwa kutoka Kilema, ameanguka mgombani. Daktari anataka picha yake."

"Bado kidogo, Sista."

Wauguzi waliniletea mtori, ile supu ya ndizi, ukapoa mezani. Kukaa siwezi, kusimama siwezi. Nikazima tena, nikaichomoa kadi, nikaipangusa, nikaisukuma mpaka ikakaa sawasawa. Safari hii mashine ikaamka. Daktari akaingia, akabonyeza, na nyonga ya yule bibi ikatokea papo hapo, ufa unaonekana wazi.

"Andaeni chumba cha upasuaji," akasema, wakatoka wote mbio. Hata asante sikuipata.

Sasa hivi nimeambiwa bibi ameamka salama, anadai maji. Mimi kila mlango ukifunguliwa bado nashtuka.

Nibusie mwanangu Baraka, umwambie mama yake anamkumbuka hata akiwa ameinamia mashine.

Mdogo wako,
Upendo