Sauti ya Bibi Kwenye Kompyuta ya Kaka

Alhamisi, jioni. Mvua imetunyima tena. Tangu asubuhi wingu zito limekaa juu ya ziwa upande wa Kongo, radi inanguruma kulekule, huku Rusimbi hata tone. Joto la kukera. Nguo nilizofua zimekauka zamani na sina hata hamu ya kuzianua.

Naogopa. Nianze na hilo, maana nikizunguka sitalisema.

Mnaonifuata hapa mnajua nasoma kompyuta chuoni, na kwamba muhula huu tumeanza somo la uchunguzi: jinsi ya kuchukua simu au kompyuta ya mtu na kujua ilifanya nini, hata kama mwenyewe kafuta kila kitu. Nimelipenda somo hili kuliko chochote nilichowahi kusoma. Kila jioni nilikuwa narudi nyumbani na kujidai, namsimulia kaka tuliyojifunza huku tunakula ugali. Kaka ni fundi simu, ana kibanda Katubuka. Ndiye aliyenipachika jina la Profesa.

Nilimwekea hata ile programu ya kurudisha vilivyofutwa, kwenye kompyuta ya kibandani, kwa sababu yangu betri imekufa. Tukawa tunafanya mazoezi kwa kadi za memori zilizotupwa. Siku tuliyofufua picha za harusi ya mtu tusiyemjua tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Leo sicheki.

Kule Simbo anakoishi Bibi, mama yake mama, wameingia watu wa kamchape. Kwa msiojua, ni wale wanaojitangaza kuwa wananusa uchawi. Wanapiga ngoma, wanaingia uani kwa mtu, wanachimba, wanatoka na pembe. Anayetajwa akichomewa nyumba tu na kubaki mzima, ashukuru Mungu. Kiongozi wao wa sasa hata kuchimba hahangaiki. Jumapili alimsimamisha mzee mmoja, jirani wa Bibi, akamtamkia mbele ya watu maneno ambayo mzee alimtumia mwanawe kwenye simu. Neno kwa neno. Hata pale mzee alipokohoa katikati, yule bwana naye akakohoa. Mzee akabaki kinywa wazi, na ule ukimya wake ukawa ndiyo hukumu. Sasa hivi yuko wodini na mkono umevunjika.

Mama alirudi na habari hiyo kashika kichwa. "Jamani, yule mtu anaona!"

Nami nikaitikia kwamba kweli anaona. Mimi, msomi mzima.

Leo darasani Madam, mwalimu wetu, ameleta simu iliyofutwa kila kitu. Hupenda kutuambia kwamba kufuta si kutupa; ni kung'oa kibao cha jina mlangoni, mwenye nyumba bado kalala ndani. Akafanya mambo yake, mara sauti ya mwanamume ikajaa darasa, anaagiza saruji, anakohoa katikati, anaendelea kuagiza saruji. Wenzangu wakapiga makofi.

Kile kikohozi.

Yule bwana wa kamchape hakuambiwa kitu na mizimu. Aliusikia ujumbe wa sauti kwa masikio yake, akaurudia na kuurudia mpaka akajua pa kukohoa. Na simu ya yule mzee nilishaiona. Ilikuwa kibandani kwa kaka siku za karibuni, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, nikaitania sana.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tunaiimba shuleni bila kuielewa.

Sikungoja kipindi kiishe. Nilikwenda moja kwa moja Katubuka. Kaka alikuwa ametoka kwenda Mwanga kununua vioo, kwa ile pikipiki yake mpya ambayo hajamweleza mtu imetoka wapi. Ufunguo huwa anauacha kwa mama ntilie wa jirani. Nikafungua, na kitu cha kwanza kukiona mezani ni simu ya Bibi. Naijua kwa kile kibandiko cha ua nilichombandikia mwenyewe.

Nikawasha kompyuta. Kuna folda imeandikwa Simbo. Ndani yake kuna sauti za watu, na moja ni ya Bibi. Nikaifungua.

"Mwanangu, mbuzi wa huyu mwanamke wamenimalizia maharage yote. Namwambia, ananicheka. Haya, acheke. Ataona. Mwaka hauishi, ataona."

Huo ujumbe Bibi alimtumia mama msimu wa maharage, kwa hasira za shambani. Mwaka haukuisha, mtoto wa mwisho wa yule mwanamke akafa kwa homa. Bibi alilia mazikoni mpaka tukambeba. Tuliporudi akanipa simu yake: "Nifutie, mjukuu wangu. Mdomo uliniponyoka." Nikafuta kwake, nikafuta kwa mama, nikamwambia yameisha hayo.

Kwetu huku "utaona" si neno la kutupa ovyo. Ukilisema, halafu mtu akapatwa na jambo, hakuna atakayekuuliza ulimaanisha nini.

Na anayemuuzia yule bwana sauti hizi ni kaka yangu, wa tumbo moja. Bibi ndiye aliyemlea mpaka akamaliza la saba, mama alipokuwa anauguza mgonjwa. Nilikaa kwenye kile kiti chake nikalia kwa hasira. Nilitamani kuivunja ile kompyuta, nikakumbuka kuwa sauti ishatoka, na kilichobaki pale ndicho ushahidi pekee kwamba hakuna uchawi, kuna wizi. Nikafunga, nikarudisha ufunguo, nikampigia Bibi kwenye simu ya jirani, akaiazima tuongee.

"Mwakeye, mjukuu wangu!" Kwake salamu ni hiyo ya asubuhi hata jua likiwa linazama. Nikamuuliza kuhusu kamchape. Akasema kwa raha zake kwamba wanakuja kwake Jumamosi, atawapikia uji. Nikamsihi aje mjini kwa mama.

"Nikikimbia si watasema nimekimbia? Waje tu. Nani ana la kusema juu yangu?"

Nilimwambia kesho alfajiri nitamfuata, akacheka, akasema nimletee sukari.

Nilikuwa nimeshafika karibu na nyumbani ndipo jambo jingine likanigonga kichwani. Kanuni ya kwanza kabisa ya somo letu: asili haiguswi. Unatoa nakala, unafanyia kazi nakala. Ukiifungua asili, hata kwa kuchungulia, umeacha alama yako na saa yake. Mtihani wa kanuni hiyo nilipata zote. Na leo, kwa kutaka tu kumsikia Bibi, nimebonyeza asili kama mtu ambaye hajakanyaga darasa.

Madam anasema ukikosea, andika ulichofanya, usifiche. Basi nimeandika. Majina ya watu sijayataja. La Simbo nimeliacha lisomeke, makusudi. Kama uko karibu na huko na unasoma, mchungulie bibi yeyote anayeishi peke yake.

Mpango wangu ulikuwa huu: kesho Simbo kumtoa Bibi, kisha kwa Madam, kisha polisi tukiwa pamoja. Kumpeleka kaka polisi. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta, na mnajua sasa kwamba kufuta hakusaidii.

Nikiwa hapahapa naandika, simu imelia. Ujumbe wa kaka.

"Profesa, kufungua nako kunaacha alama. Si wewe uliyenifundisha?"

Halafu wa pili, kabla sijapumua.

"Niko njiani. Nampelekea Bibi simu yake."

Nampigia Bibi, hapatikani. Bila shaka. Simu yake anayo kaka, na ile ya kuazima aliyoongea nayo leo imezimwa. Mama nimemwambia, amekaa chini sakafuni. Bodaboda nimemwita, anasema yuko kona. Kesho sina tena, nina sasa hivi.

Kaka atapiga hodi, na Bibi atamfungulia. Mbona asimfungulie? Ni mjukuu wake.